Kutoka mikono mitupu hadi kisu: eskrima, judo au epee?

MkandaKahawia
Habari zenu wakuu. Nina miaka sita ya judo, na kabla yake minne ya karate. Sasa nataka kuingia kwenye mazoezi ya kisu (cha mpira, bila shaka) na nimefika njia panda. Nianze eskrima, ile sanaa ya fito na visu ya Ufilipino, kama mwanafunzi mgeni? Nibaki kwenye judo, niingize kisu cha mpira ndani ya randori (pambano huru la mazoezi)? Au nijifunze epee, mchezo wa kupigana kwa upanga, kwa ajili ya miguu na umbali? Miaka yote naambiwa silaha ni mkono uliorefuka tu, mbinu ni zile zile. Wiki iliyopita nilijaribu, na imani hiyo imenitoka.

Rafiki yangu ambaye hajawahi kuvaa judogi alishika kisu cha plastiki tulichokipaka chaki ya bluu kwenye makali. Mimi nilivaa fulana nyeupe. Dakika mbili. Nikamkamata ukosi na mkono wa shati, nikamwangusha kwa osoto-gari (kufyeka mguu kwa nje) safi kabisa, nikainuka nikijua nimeshinda. Kisha nikajitazama. Mistari tisa kwenye kigasha cha kushoto upande wa ndani, miwili shingoni, mmoja chini ya kwapa. Sikuhisi hata mmoja wakati unapita. Nisaidieni.

FitoMbili
Pole kaka, na hongera kwa kupaka chaki, wengi hawathubutu. Kosa halikuwa osoto-gari. Kosa ni ule mkono uliokwenda kwenye ukosi. Katika judo ukosi ndio usukani. Mwenye kisu ukimshika ukosi, mkono wake unabaki huru na wako umeufunga mwenyewe.

Mimi nasema eskrima, kwa sababu mpangilio wake umegeuzwa. Wewe ulianza na mikono mitupu ukatafuta kisu. Sisi siku ya kwanza tunapewa ufito wa henzirani, tunafundishwa pembe za mashambulizi kwa namba, kisu kinafuata, na mikono mitupu inakuja baadaye kwa mienendo ile ile. Mwili unazoea kuona pembe, hautafuti ngumi wala teke. Ule mkono usio na silaha nao una kazi muda wote: unakagua, unasukuma, unabana. Huko Ufilipino arnis, ambayo ndiyo hiyo hiyo eskrima kwa jina jingine, ilitangazwa mchezo wa taifa kwa sheria ya mwaka 2009, kwa hiyo walimu na mitaala si haba.

Tatami_Mwalimu
FitoMbili, nakuheshimu, ila usimwondoe mtu kwenye judo haraka hivyo. Judo haikusahau kisu. Kime-no-kata, mojawapo ya mazoezi yake yenye mpangilio maalumu, ina mbinu za kisu na upanga tangu zamani. Kodokan Goshin Jutsu, mpangilio wa mbinu za kujilinda uliokamilishwa mwaka 1956, ina mbinu 21, na tatu kati yake ni za kisu. Nimezifundisha kwa miaka mingi, na nitasema wazi zinapopungukia: mshambuliaji anakuja mara moja, anachoma mara moja, kisha anauacha mkono hewani kama nguo kwenye kamba. Aliyekuchora chaki hakufanya hivyo, sivyo? Mkono wake ulikwenda na kurudi kama sindano ya cherehani.

Mwanangu, badilisha mshiko, usibadilishe mchezo. Mikono yako miwili kwa mkono wake mmoja: mmoja kwenye kifundo, mwingine juu ya kiwiko, kifua chako kikigandamiza bega lake. Wanamieleka wanaujua mshiko huu vizuri sana. Ukiupata, ashiwaza yako yote (mbinu za kuangusha kwa miguu) iko palepale ikikusubiri. Usiupoteze kwa tamaa ya ippon, ule ushindi wa papo hapo. Mtu aliyeanguka akiwa bado na kisu mkononi hajaanguka.

Kuna pia aikido ya Kenji Tomiki, aliyekuwa mwanafunzi wa Kano, mwanzilishi wa judo, na wa Ueshiba, mwanzilishi wa aikido. Wao wana randori ya mashindano ambamo mmoja anashika kisu laini na mwenzake hana kitu, kisha wanabadilishana. Ukipata wanaofanya hivyo, nenda kwao hata kabla ya eskrima.

Nyayo_Nyepesi
Hakuna aliyegusa umbali, na hapo ndipo karate na masumbwi yanapotudanganya. Bondia anakubali kupokea ngumi moja nyepesi ili aingie kupiga nzito. Hesabu hiyo kwenye kisu haipo. Epee ilinitoa tabia hiyo ndani ya miezi mitatu. Mwili mzima ni shabaha, hakuna kanuni ya nani alianza, na mkigusana ndani ya takriban 1/25 ya sekunde nyote wawili mnahesabiwa. Unajifunza kuchukia kugusana kwa pamoja. Unajifunza pia kwamba kilicho karibu nawe zaidi ni mkono wa mwenzako, si kifua chake.

Mwaka 1983 polisi wa Marekani, Dennis Tueller, aliandika kwamba mtu wa kawaida anavuka futi 21, yaani kama mita 6.4, kwa sekunde 1.5 hivi. Pimeni sakafuni kwenu mjaribu. Umbali mnaouona salama utawashtua.

Upungufu wa epee nausema mwenyewe: upanga ni mrefu, mkono wa nyuma hauna kazi, na mkikumbatiana mwamuzi anasimamisha. Kwenye kisu, kukumbatiana ndiko kila kitu kinapoanza.

FitoMbili
Mwalimu, la cherehani nakubali, na linatuhusu na sisi. Nimefunzwa miaka miwili na mtu ambaye mazoezi yake yalikuwa mazuri kama ngoma: pigo, kinga, pigo, kinga, wote tunajua kinachofuata. Siku tuliyovaa miwani ya kinga na kuambiwa kila mtu afanye atakalo, mtiririko wote uliyeyuka. Kwa hiyo, MkandaKahawia, ukienda eskrima swali la kwanza uliza wanapigana huru mara ngapi. Wakisema hawapigani, rudi kwa Mwalimu.

MkandaKahawia
Nimerudi baada ya wiki tano. Nilibaki judo, nikaongeza eskrima Jumamosi. Kabla ya kila randori tunafanya raundi tatu za chaki, miwani usoni, na kisu kinabadilisha mikono ili na mimi niwe mshambuliaji. Hilo limenifundisha kuliko yote: nikiwa na kisu, ninachokiogopa ni mtu anayening'ang'ania kiwiko. Anayerukaruka mbele yangu hanisumbui.

Mshiko wa Mwalimu unashika kama mara moja katika majaribio manne. Karate imenirudia nisikotarajia: lile vuto la ngumi kuelekea kiunoni, nililolifanya miaka minne bila kujua kazi yake, sasa ndilo linalovuta kifundo cha mwenzangu na kukibandika nyongani kwangu.

Jana nilihesabu fulana. Kigasha cha kushoto mistari mitatu, kwapani hakuna. Shingoni bado mmoja, na ulipita wakati nilipokuwa ninaingia, si nilipokuwa nimemshika. Nyayo, nahamia kwenye swali lako la umbali. Naanzaje bila upanga?

Nyayo_Nyepesi
Glovu moja. Mwenzako aishike kwa vidole viwili mbele ya kifua chake na kuiachia bila kukuambia. Wewe simama mbali kiasi kwamba ukitoka kwa hatua moja tu unaidaka kabla haijafika sakafuni. Ukiikosa, sogea nusu unyayo, rudia.