Mawe ya Rajasthan: tuendelee kununua au tugome?

Fundi_Mawe: Wakuu habari za jioni. Niko Birmingham, kazi yangu kutandika mawe bustanini kwa watu, na kila mteja anataka yale ya mchanga kutoka India kwa sababu ni mazuri na bei rahisi. Juzi mmoja kaniuliza yamechimbwa na nani. Nikaenda kusoma habari za Budhpura, wilaya ya Bundi kule Rajasthan, nikakosa usingizi. Familia nzima inakaa juu ya vifusi vya machimbo na nyundo na tindo, wanachonga vile vijiwe vya mraba vya barabarani, wanalipwa kwa kijiwe, watoto wakiwemo. Tugome au tuwabane wauzaji?

Binti_Makorora: Tuwabane. Na tuanzie kwenye deni, maana mtu anachukua peshgi, yaani mkopo wa kukatwa kwenye ujira, kwa mwenye machimbo, labda ya harusi au ya matibabu, halafu ujira hautoshi kulipa, akiugua deni linahamia kwa mtoto. Sheria ya India ya kufuta utumwa wa madeni ipo tangu 1976! Na Uingereza sheria yao ya utumwa wa kisasa ya 2015 inadai taarifa ya hatua za kuzuia utumwa kwa kampuni zenye mauzo ya pauni milioni 36 kwa mwaka kwenda juu tu, sasa muagizaji mdogo nani anamuuliza?

Kaka_Sinza: Nyie wa Ulaya mna raha sana. Mkigoma yule mtoto atakula sheria? Mimi nauza kaunta za granaiti ya India hapa Dar, mteja anauliza bei na kama inashika madoa ya mafuta, basi. Mbona wale wamama wanaogonga kokoto Kunduchi hapa Dar hamuwalilii, au wao hawana mapafu ya kuumizwa na vumbi?

Fundi_Mawe: Raha gani kaka? Napiga magoti kwenye matope kutwa. Nikikata jiwe bila maji na barakoa nafukuzwa saiti siku hiyohiyo, kwa sababu vumbi la hilo jiwe limejaa silika, madini yanayoharibu mapafu. Jiwe ni lilelile, yule wa Bundi anatoboa kavu na kitambaa mdomoni. Hata maji tu kwenye drili yangepunguza vumbi sana!

Mama_Nassor: Kaka_Sinza hao wamama wa Kunduchi usiwafanye ngao ya biashara yako. Shangazi yangu kagonga kokoto pale mpaka mikono ikakakamaa, kasomesha watoto, hakuwahi kukuomba uwe wakili wake.

Kaka_Sinza: Mama nani kamtaja shangazi yako? Nilisema tuanze na nyumbani.

Mama_Nassor: Ulisema hawana mapafu.

Kaka_Sinza: Niliuliza! Soma vizuri.

Tabibu_Kigoma: Tuache shangazi kidogo. Silikosisi, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na hilo vumbi la silika, inafanana sana na TB, kukohoa, kukonda, mtu anawekwa kwenye dozi ya miezi 6 na hapati nafuu, anarudi machimboni. Haina tiba. Rajasthan walipitisha sera 2019, mgonjwa akithibitishwa anapata rupia laki 3, akifariki familia laki 2. Ila lazima uthibitishwe, na mtu wa kibarua hana hata karatasi ya kuonyesha alifanya kazi wapi. Wengi wanakufa foleni bado haijafika.

Binti_Makorora: Ndio maana nasema cheti cha muuzaji pekee hakitoshi. Mkaguzi anaonyeshwa kiwanda cha kukatia, kisafi, watu wamevaa helmeti, na vijiwe vimechongwa uani kwa mtu huko kijijini. Kaka_Sinza muulize muagizaji wako jina la chimbo, sio jina la nchi.

Kaka_Sinza: Nikimuuliza ataniuzia bei ileile?

Fundi_Mawe: Itapanda kidogo, mwambie mteja sababu. Mimi wa juzi nimemwambia, anafikiria.

Mama_Nassor: Kabla hajapiga simu India aombe radhi kwanza kwa wamama wa Kunduchi.

Kaka_Sinza: Siombi radhi kwa swali.

Mama_Nassor: Basi tupo hapa mpaka asubuhi.