Toyota Noah SR40, Toyota Noah AZR60 au Nissan Serena C25: ipi unaihudumia mwenyewe uani?

Nyegezi_Kona: Wakuu, nina boksi la spana, jeki na stendi mbili. Gari itapiga Nyegezi–Igoma hapa Mwanza kila siku, mara moja moja Kisesa. Kati ya hizi tatu, ipi haininyanyasi?

SpanaKumi: SR40, mkuu. Injini ya 3S-FE ipo chini ya viti vya mbele. Unainua kiti na kifuniko, unaanza kazi. Oili ni lita 4 hivi ukibadili na filta, bolti ya kumwagia ni spana 14. Mkanda wa taimingi badili kila kilomita 100,000, na pampu ya maji uibadili papo hapo, maana inazungushwa na mkanda huohuo. Ukiiacha ikaja kuvuja, kazi yote unairudia. Mkanda ukikatika gari inazima tu, valvu hazigongi pistoni.

Mkolani_B: Sawa, ila SR40 inataka heshima kwenye maji. Rejeta iko mbele, injini iko chini ya makalio, mipira ni mirefu, kwa hiyo hewa inanasa. Ukijaza upya, paki pua ikitazama mlima (hapa Mwanza hukosi), fungua hita hadi mwisho, jaza taratibu mapovu yaishe. Tia kulanti (maji maalumu ya kupozea injini), sio ndoo ya maji ya ziwa.

CheniTu: AZR60 ina cheni badala ya mkanda wa taimingi, na plagi zake ni mchezo: koili nne, bolti namba 10. Kasheshe ni mfumo wake wa mafuta, D-4. Petroli inarushwa ndani ya silinda, haipiti kwenye valvu za kuingiza hewa ikaziosha, basi masizi yanaganda hapo na injini inatetemeka ikiwa sailensa (gari imesimama, hujakanyaga mafuta). Kingine, chomoa dipstiki kila wiki. Oili ikipanda na kunuka petroli, pampu ya presha inavujia ndani. Usiiwashe tena, bearingi zitakwisha.

SpanaKumi: Serena C25 je?

CheniTu: Kubadili plagi tu unavua manifoldi ya hewa kwanza. Giaboksi ni CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua), inataka mafuta yake ya NS-2. Ukiipa ATF, mafuta ya giaboksi otomatiki za kawaida, ukapanda mlima wa Bugando na watu saba, andaa hela ya giaboksi.

Nyegezi_Kona: Basi SR40. Nikienda kukagua nianzie wapi?

Mkolani_B: Nenda asubuhi, muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Fungua kofia ya rejeta injini ikiwa ya baridi. Ukikuta maji ya rangi ya kutu au utando wa mafuta, rudisha kofia, aga.