Mrejesho: ile ruzuku ya utafiti wa meno

Wakuu, niliuliza kama daktari wa meno wa huku Mbeya anaweza kuomba ile ruzuku ya K01 ya NIDCR, taasisi ya serikali ya Marekani ya utafiti wa meno na kinywa, ya kulea watafiti wachanga wa makundi yenye uwakilishi mdogo. Haiwezekani, ilitaka raia wao au mwenye ukaazi wa kudumu, iliniuma kweli. Ila mwalimu wangu akanionyesha ruzuku nyingine, K43 ya Fogarty, kituo cha Marekani cha utafiti wa afya wa kimataifa, hiyo ni ya sisi wa nchi za kipato cha chini na cha kati, unakuwa na mlezi wa utafiti Marekani na mwingine hapa nyumbani, na angalau asilimia 75 ya muda wako wa kazi ni utafiti na kujijenga kitaaluma. Hapo kwenye 75 mkuu wa idara yangu alishika barua ya kunikubalia muda huo, kimya, mvua inapiga bati, ndo akasaini. Nataka kufuatilia watoto wa Uyole, hapa hapa Mbeya, jamani mtoto wa miaka 3 analetwa meno ya mbele yamebaki vishina.