Tupeane uzoefu: mwenza au mzazi yuko nje, nyumbani mnaishije?

Wakuu, salaam. Mke wangu ana mwaka wa pili Muscat, kazi za ndani. Mimi niko Mbagala na watoto wawili, wa miaka tisa na minne. Hela inafika, kwa hilo simlalamikii. Kilichonishinda ni simu. Akipiga ya video, mdogo anakimbilia uvunguni. Mwanzoni nilikuwa namvuta mguu atoke amsalimie mama yake. Analia, mama naye kule analia, mkubwa ananuna.

Mama mkwe akaniambia, "Mwache, baba. Mbona hata wageni huwa anawakimbia, wakishakaa anawasogelea mwenyewe?" Siku hizi sitangazi kwamba mama kapiga. Naegemeza simu kwenye chupa ya mafuta, nasonga ugali huku tunapiga soga zetu. Wiki ya tatu dogo akaja mwenyewe, akainua goti mpaka kwenye kamera amwonyeshe kidonda.

Shida iliyobaki ni muda. Wanatuzidi saa moja tu, lakini siku nyingi kazi zake zinaisha watoto wameshalala. Basi anatuma sauti WhatsApp usiku, wanaisikiliza asubuhi wakivaa sare. Nyie mnafanyaje?

Mtoto wa Kimara
Afadhali nyie, mkuu. Mzee wetu alikuwa Houston, sisi tunaamka yeye anajiandaa kulala. Aliondoka nikiwa darasa la tatu, na kila mwaka ilikuwa "mwakani narudi". Karudi nipo kidato cha nne. Pale uwanja wa ndege nikampa mkono kama nampa mwalimu mkuu. Viatu alivyoniletea havikupita hata kisigino. Kama tarehe huijui, usiwatajie watoto.

Mbeba Boksi
Mimi ndiye mtumaji. Niko Doha, saa zetu na Dar ni zile zile, kwa hiyo hakuna kisingizio. Ujumbe wa nyumbani unaanza na shikamoo, unaofuata ni bati, ada, mchango wa msiba. Wa kuniuliza nimekula nini hayupo. Halafu Bi Mkubwa kalazwa wiki mbili wakanificha, eti nisichanganyikiwe. Nilichanganyikiwa zaidi nilipojua.

Nikamwambia mdogo wangu: Ijumaa siko kazini, simu ya siku hiyo haina habari ya hela. Ya kwanza tulikaa kimya mpaka aibu. Mwishowe akasema, "Bro, ule mwembe wa jirani wameukata." Nikageukia ukutani, maana chumba tunalala wanne.

Bibi wa Tandika
Wanangu, mimi nalea wajukuu watatu. Binti yangu aliondoka na vyeti vya kuzaliwa vya watoto ndani ya begi lake, bila kujua. Kuandikisha darasa la kwanza tulihangaika. Acheni vyeti nyumbani, pamoja na nakala ya pasipoti na ya mkataba. Huko Uarabuni kuna matajiri wanashika pasipoti, na mtu akikwama, ndugu ndio mtaanza kutafuta namba. Na mwalimu wa darasa aambiwe mama hayupo. Wa kwangu alichapwa kwa kusinzia, kumbe usiku alikuwa anasubiri simu.

Mleta mada
Shikamoo Bibi, vyeti naenda kuvitafuta sasa hivi. Mkuu wa Doha, hiyo Ijumaa yako naiiba. Ila ada ya muhula ndiyo hii imefika, nimwambie siku gani?