Mafundi wa silikoni, mnatuulia taa za magari! Kuziba kila tundu siyo dawa ya unyevu

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nimetoka kubandua silikoni kwenye taa ya mbele ya gari langu kwa kucha na bisibisi, na kila nikivuta utepe mmoja nazidi kupandwa na hasira.

Kisa chenyewe ni hiki. Taa ya kushoto ilianza kuingiza maji kila mvua ikinyesha. Nikaipeleka kwa fundi. Hakuifungua, hakuchungulia nyuma, hakuuliza hata swali moja. Alichukua tyubu ya silikoni akazungushia taa nzima, mbele na nyuma, akalainisha kwa kidole, akanambia "hapo hata ukiizamisha mtoni haiingii kitu". Sasa matone yanashinda ndani mchana kutwa, jua linawaka na hayakauki. Kwenye kona ya chini maji yamejikusanya: nikikanyaga breki yanakimbilia mbele, nikiondoa gari yanarudi nyuma. Nimerudi kulalamika, najibiwa bila hata aibu: "Hiyo taa imekwisha, tafuta nyingine." Imekwisha nani kaimaliza?

Ndugu zangu mnaojiita mafundi, naomba mnisikilize. Taa ya gari la kisasa HAIJAZIBWA kabisa, na haitakiwi kuzibwa kabisa. Zile taa za zamani za kioo kizito, ambazo waya wa kuwaka, rifleta (lile bakuli la ndani linalong'aa na kurusha mwanga mbele) na kioo vilikuwa kitu kimoja, hizo ndizo zilizozibwa kiwandani, na zikiungua unatupa zote. Hizi za leo zenye balbu ya kubadilisha zina matundu ya kupumulia. Ukiwasha taa, hewa ya ndani inapata joto, inatanuka, inatoka. Ukizima, hewa inapoa na kusinyaa, taa inavuta hewa ya nje. Ndiyo maana kiwanda kinaweka kibomba kidogo cha mpira kilichopinda kuelekea chini, au kitundu chenye utando unaopitisha hewa na mvuke lakini unazuia maji. Baadhi ya taa zina viwili au zaidi, kimoja juu na kingine chini, ili hewa izunguke.

Sasa wewe ukija na tyubu yako ukaziba vile vitundu, unadhani taa itaacha kuvuta? Itavuta tu, na itavutia pale palipo dhaifu. Kwangu palipo dhaifu ni kifuniko cha nyuma cha balbu. Nimekuja kukifungua mwenyewe, mpira wake umekauka, umepasuka upande mmoja, na umekaa mshazari ndani ya mfereji wake. Ugonjwa ulikuwa huo, hakuna kingine. Mpira mmoja! Na kile kibomba cha kupumulia nimekikuta kimejaa silikoni, alama ya kidole cha mtu imegandia juu yake.

Kuna jambo lingine linaloniudhi zaidi, ile silikoni yenyewe. Mnaijua ile inayonuka kama siki? Ile harufu ni asidi inayotoka wakati silikoni inakauka. Ukiifungia mvuke huo ndani ya taa, unashambulia rifleta. Ule mng'ao wa rifleta ni tabaka jembamba mno la alumini, halihitaji mengi kuharibika. Kwangu pameshaanza utando mweupe karibu na maungio, na mwanga wa upande huo umefifia, ukilinganisha na taa ya kulia unaona kabisa. Halafu usijaribu kuipangusa rifleta kwa kitambaa, inachubuka. Kama lazima uzibe ufa, tumia gundi inayofaa taa, ile nyeusi inayonata ambayo hailegei kwa joto la kawaida na haikauki ikawa ngumu, na zibeni UFA. Si kila kinachoonekana kama tundu.

Na wale wa kutoboa kwa kekee chini ya taa "maji yatoke" siwasahau. Maji yatatoka, sawa, na vumbi, tope na wadudu wataingia kwa mlango uleule. Mnauziana balaa.

Haya, ili tusionewe, tutofautishe mambo. Ukungu mwepesi kwenye kona ya kioo asubuhi ya baridi, au baada ya kuosha gari, ambao unatoweka ukiwasha taa na kuendesha kidogo, huo si ubovu. Vitabu vingi vya magari vinasema hivyohivyo. Hewa yenye unyevu imekutana na kioo cha baridi, basi. Lakini matone makubwa yanayotiririka, maji yaliyotuama chini, au taa moja tu inaloa wakati mwenzake kavu siku zote, hapo kuna mahali panavuja, na anayekwambia "kawaida hiyo, magari yote yako hivyo" anakukimbia. Maji yakiendelea kukaa yanaleta kutu kwenye soketi ya balbu, na kwenye taa za zenoni au LED yanaweza kuua kile kisanduku cha umeme kilicho ndani au chini ya taa, ambacho ndicho ghali kuliko vyote. Balbu ya halojeni ikiwa imewaka ni ya moto kweli, tone likiidondokea inaweza kupasuka.

Wapenda LED nao wasikilize. Balbu ya halojeni inapoteza nguvu yake kubwa kama joto, na joto hilo ndilo lililokuwa linakausha kioo. Ya LED joto lake linaishia nyuma kwenye feni, kioo cha mbele kinabaki baridi, kwa hiyo ukungu unakawia kuondoka. Mbaya zaidi, feni ikiwa ndefu fundi anakata kifuniko cha nyuma, au anakiacha kwenye buti akupe kama zawadi. Halafu mvua ikinyesha mnashangaa nini?

Utaratibu wa mtu mwenye akili ni huu. Unafungua vifuniko, unatoa balbu (ya halojeni usiishike kioo chake kwa vidole vitupu), unakausha taratibu kwa draya ya nywele ikiwa kwenye moto mdogo au kwa upepo wa kompresa uliochujwa maji. Moto mkali hapana, kioo cha siku hizi ni plastiki, kinapinda. Kisha unatafuta chanzo: mpira wa kifuniko, mpira wa balbu, kibomba kilichoziba kwa tope au kilichochomoka, ufa kwenye kioo, gundi ya maungio iliyoachia, klipu iliyovunjika kwa kugongwa hata kidogo tu. Vifuko vya kunyonya unyevu vinasaidia kumalizia, lakini chanzo kikibaki vitalowa navyo. Ukikausha bila kupata chanzo umejichosha bure. Na unapoosha gari, usielekeze bomba la presha kwenye maungio ya taa.

Hayo yote hayahitaji ufundi wa ajabu. Yanahitaji mtu afungue kifuniko atazame kabla ya kushika tyubu. Fundi wangu asingelipua kazi angeng'amua kabla injini haijapoa.

Mpira mpya nimeshaweka, kibomba nimekizibua kwa kijiti. Kilichobaki ni silikoni iliyoingia kwenye mfereji wa maungio ya kioo, hiyo haitoki kwa kucha wala bisibisi. Aliyewahi kuiondoa bila kuvunja klipu wala kuchubua kioo aseme alitumia nini. Na kama wewe ni mmoja wa hao wa kuzungushia tyubu, karibu ujitetee, niko hapa.