Mrejesho: unga wa protini kwa anayeinua vyuma

Niliuliza kama anayefanya mazoezi kila wiki lazima anunue unga wa protini, kwa sababu mkufunzi wa jimu yetu hapa Kisumu alisisitiza kuwa bila huo misuli haijengeki. Asanteni nyote mlionijibu, hasa uliyeniambia nipige kwanza hesabu ya sahani yangu.

Nimepiga. Asiyefanya mazoezi hukadiriwa gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake. Anayeinua vyuma, 1.4 hadi 2. Kwa kilo zangu 70 ni gramu 98 hadi 140 kwa siku. Mayai mawili, 12. Nusu lita ya maziwa, 16. Maharagwe yaliyoiva kikombe kimoja, 15. Ngege (samaki aina ya tilapia) kutoka soko la Kibuye, minofu iliyoiva ya gramu 150, karibu 39. Njugu kiganja, na ugali wenyewe, ambao watu husahau kwamba una protini. Mia inapita bila kopo lolote!

Unga si sumu. Ule wa maziwa hutokana na maji yanayobaki jibini inapotengenezwa, na humfaa anayekosa nafasi ya kula vizuri. Mwenye ugonjwa wa figo amwone daktari kwanza, tafadhali.

Mimi sinunui. Pesa hizo sasa ni za omena (dagaa wa ziwani): naziosha kwa maji moto, nakaanga na kitunguu na nyanya, namalizia na maziwa kidogo. Vyuma naendelea kuongeza.