Shilingi 68,000 zimekwenda na maji: tredmili ya kukunja imekufa baada ya miezi minne tu, na muuzaji anasema kosa ni la chumvi ya bahari

Ndugu zangu wa Mombasa, nimevumilia wiki tatu, leo nasema.

Mamangu ana sukari. Daktari alimwambia atembee nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki, zile dakika 150 ambazo Shirika la Afya Duniani linamtaka kila mtu mzima azifikishe. Sisi tunakaa Majengo, ghorofa ya tatu. Chini ni tuktuk na bodaboda mpaka ukutani, jua la kaskazi mwalijua wenyewe, na magoti yake si ya kuruka mitaro. Tukachanga, mimi na kakangu, na mwezi wa Januari nikaenda mjini kununua tredmili, ile mashine ya mkanda ya kutembelea ndani ya nyumba. Ya kukunja, kwa sababu sebule ni hiyo hiyo moja, na jioni watoto hutandika mkeka hapo wakadurusu.

Nilimweleza muuzaji kila kitu. Ni ya mama, ana miaka 63, ana kilo 84, atatembea tu, hatakimbia. Akanihakikishia: "Dada, hii ni HP tano, yabeba mpaka kilo 120, hii mama atamwachia mjukuu." Na kweli sandukuni imeandikwa hivyo, kwa herufi kubwa nyekundu. Nikamwambia afungue nione. Akanijibu sanduku likishafunguliwa ni lako. Nikalipa.

Hamali aliibeba begani peke yake, ngazi zote mpaka juu, hakutua hata mara moja. Hapo ndipo ningeshtuka. Chuma cha kukanyagwa kila siku na mtu wa kilo 84 hakibebwi na mtu mmoja kama gunia la makaa.

Mwezi wa kwanza ilikwenda vizuri. Wa pili, mama akikanyaga mkanda wasita, akiinua mguu wachomoka. Mnaelewa hatari yake kwa mtu wa umri ule? Alikuwa atembea ameng'ang'ania vishikio kwa mikono yote miwili, hatembei tena, ajizuia asianguke. Wa tatu ikaanza harufu ya kuungua. Mwezi wa Mei ikazima katikati ya mazoezi, kiooni ikatoka E1, alama ya hitilafu, na haikuwaka tena.

Nikamleta fundi wa mota kutoka Mwembe Tayari. Akafungua kifuniko cha mbele kwa bisibisi, akapangusa vumbi kwa kidole, akaniita: "Bi, njoo usome mwenyewe." Kwenye kibamba cha mota imeandikwa 1.0 HP. Moja! Tano iko wapi? Akanieleza kuwa ile ya sandukuni ni nguvu ya kilele, ambayo mota huifikia kwa muda mfupi mno, na kinachombeba mtu nusu saa nzima ni nguvu ya mfululizo. Kisha akanipigia hesabu ambayo nawaomba muiweke kichwani. Nguvu farasi moja, ndiyo hiyo HP, ni wati 746. Tano ni wati 3,730. Soketi ya nyumbani kwetu ni volti 240 na fyuzi ya plagi ni ampia 13, zidisha upate wati 3,120. Kwa hiyo mashine ya HP tano za mfululizo haiwezi hata kulishwa na soketi ya ukutani! Namba imeandikwa kubwa vile, na yapita kila duka bila mtu kuuliza.

Na mota si peke yake. Fundi alipoigeuza, bawaba ya kukunjia ilikuwa imeota kutu. Aliisugua kwa ukucha, rangi ikabanduka kama ganda la kitunguu, na chini yake pale palipochomelewa kuna ufa. Ile pistoni ya gesi ya kuiteremsha polepole ilikuwa imekwisha nguvu kitambo. Wiki moja kabla, binti yangu aliifungua, ikaporomoka yote kwa kishindo, shubiri moja kutoka mguuni mwake. Ana miaka tisa.

Nikarudi dukani na picha na risiti. Jibu? "Chumvi ya bahari haimo kwenye waranti." Wallahi nilitetemeka. Wauza mashine kisiwani Mombasa, wateja wako wote wavuta hewa ya bahari usiku na mchana, halafu chumvi ni kosa la mteja? Kama haiwezi chumvi, yauzwa hapa kwa nini? Akaongeza, eti sikuitia mafuta. Ni kweli sikutia, na ni kwa sababu hakuna aliyeniambia: kijitabu ni cha Kichina kitupu, na chupa ya mafuta ya silikoni haikuwemo. Jirani alinishauri nitie mafuta ya nazi, nashukuru sikuthubutu. Nyinyi mlio nazo, inueni ukingo wa mkanda mpapase ubao wa chini. Ukiwa mkavu, tieni silikoni, si kitu kingine.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, yasema mnunuzi akimjulisha muuzaji anachotaka kukifanyia kitu, na akategemea ujuzi wake, kitu hicho lazima kifae kazi hiyo. Mimi nilimjulisha, mpaka kilo za mamangu nilizitaja. Mahakama ya Madai Madogo yasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na wakili si lazima. Barua ya madai nimeshampelekea, nimempa siku 14.

Anayetaka kununua asikubali sanduku lililofungwa. Adai ifunguliwe, asome bamba la mota yenyewe, aikunje na kuikunjua mara kumi mbele ya muuzaji, apande na viatu vyake atembee robo saa. Aangalie sana bawaba. Kioo na spika na programu za simu aachane nazo, hazimbebi mtu.

Na sasa nauliza, kwa sababu mama bado yuataka kutembea na saa hizi azunguka meza sebuleni: nani hapa, Mombasa hii hii, ana tredmili ya kukunja iliyomaliza miaka mitatu na yafanya kazi? Nitajieni nguvu ya mfululizo, uzito wa mashine yenyewe, na bawaba iko hali gani. Picha ya bawaba mkiweza.